Shahada ya Menejimenti na Kazi ya Ushauri wa Uendelevu: Neno kwa Vijana na Wazazi Wao

(Mhadhara uliotolewa mjini Tanga mbele ya vijana na wazazi, baada ya sala ya Alasiri)



Shukrani zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Wazee wetu, akina mama mlioko nyuma ya pazia, na ninyi vijana ambao leo mmejaa hadi barazani: mada tuliyopewa si ya kawaida katika darasa letu. Mmezoea kutusikia tukifungua kitabu na kusherehesha mlango mmoja baada ya mwingine. Leo hatukuja na kitabu. Tumekuja kuzungumza juu ya shahada moja ya chuo kikuu na kazi moja inayoweza kutokana nayo, na tutaeleza kwa nini jambo hilo limetushughulisha kwa muda wa mwaka mzima.

Sababu yake ni kijana mmoja tuliyemsomesha tangu alifu. Amemaliza shahada ya kwanza ya biashara Dar es Salaam. Usiku mmoja baada ya darasa alitujia akiwa na barua kutoka chuo kimoja cha Ulaya kilichomkubali kusoma shahada ya uzamili ya menejimenti. Ndani ya barua imo ada ambayo baba yake, fundi seremala, haioni hata akifanya kazi miaka kumi bila kula. Baba alikuwa ameshapata mnunuzi wa shamba la minazi la familia. Katika shamba hilo anaishi shangazi yake kijana, mjane, naye anakula kwa minazi hiyo. Kijana akatuuliza, "Ustadhi, tuuze?" Tulipomuuliza anakusudia kufanya kazi gani baada ya shahada, akasema anataka kuwa mshauri wa makampuni katika mambo ya uendelevu.

Tunakiri mbele yenu kwamba tulimjibu vibaya. Sisi elimu yetu ya juu tuliisoma kwa Kiarabu. Tunaijua nahau, tunajua kiasi katika fiqhi, na makampuni tunayapita njiani. Tukamwambia kwamba hiyo ni kazi ya kuwapaka matajiri rangi ya kijani, na kwamba akatafute jambo la maana. Alinyamaza kwa adabu, akaaga, akaondoka. Tulipobaki peke yetu tukaona aibu, kwa kuwa tulikuwa tumetoa hukumu juu ya jambo tusilolijua, na kila siku tunawakataza wanafunzi wetu wasifanye hivyo. Basi tukaanza kusoma, na kuwauliza watu wanaoifanya kazi hiyo, na haya tunayowaletea ndiyo tuliyoyapata.

Tuanze na neno lenyewe. Kiswahili rasmi kinasema "uendelevu". Kiarabu cha leo kinasema "istidaama", na asili yake ni herufi tatu, daal, waaw na miim. Kutokana na asili hiyohiyo Waswahili tulipata "daima" na "dumu". Kwa hiyo mzee wa Ngamiani akimsikia mjukuu wake anataja uendelevu asidhani kwamba ni mambo ya wageni. Swali ni la zamani: je, jambo hili litadumu? Kisima hiki, kikichotwa namna hii, watakikuta wajukuu? Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Norway, ililieneza neno hili duniani kwa maana iliyo karibu na hiyo: kwamba walio hai wapate haja zao pasipo kuwafungia njia watakaokuja baada yao.

Sasa mchukue neno hilo mlilete hapa nyumbani. Tanga ni mkonge, na wengi kati yenu babu zenu walifika mkoa huu kwa ajili ya mkonge. Katika jani la mkonge, uzi haufikii asilimia 5 ya uzito. Kilichobaki ni maji na makapi ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni au kurundikwa yakaoza. Makapi yakioza mahali pasipo na hewa hutoa gesi ya methani, na gesi hiyo, uzito kwa uzito, hulitia anga joto mara nyingi zaidi kuliko hewa ya ukaa. Pale Hale, wilayani Korogwe, mwishoni mwa miaka ya 2000 ulijengwa mtambo wa kugeuza makapi hayo kuwa gesi na umeme.

Mhandisi anajua namna gesi inavyopatikana. Lakini mwenye shamba hamwulizi mhandisi hilo tu. Anauliza mtambo unagharimu kiasi gani. Fedha yake itarudi baada ya miaka mingapi. Umeme utakaozidi atauziwa nani, na kwa mkataba gani. Wafanyakazi wangapi wafundishwe upya. Na mabaki yatokayo mtamboni yatarudishwa shambani kuwa mbolea kwa gharama ya nani. Maswali hayo matano hayana kemia ndani yake. Yote ni ya menejimenti, na mtu anayeyajibu huku akimwelewa mhandisi upande mmoja na mhasibu upande wa pili ndiye anayeitwa mshauri elekezi wa uendelevu.

Kazi yake nyingine ni kuhesabu, na hapa tunaomba mtuvumilie kidogo, kwani mambo haya yakiachwa juujuu hubaki maneno. Tangu mwaka 2001 ipo kanuni ya kimataifa ya kuhesabu gesi joto za kampuni, iliyotungwa na World Resources Institute ya Marekani pamoja na baraza la wafanyabiashara la maendeleo endelevu lenye makao yake Geneva. Kanuni hiyo inagawa hesabu katika mafungu matatu. Tuchukue kiwanda cha mikate. Fungu la kwanza ni kile anachokiunguza mwenyewe: dizeli ya jenereta, mafuta ya magari yake, kuni za tanuri. Fungu la pili ni umeme anaoununua. Fungu la tatu ni vyote vilivyo nje ya ukuta wake lakini vinamhusu: ngano ilikolimwa, mbolea iliyotiwa, meli iliyoileta, lori la kukodi linalosambaza mikate, mfuko wa nailoni unaotupwa mferejini.

Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ya ukaa. Kiwanda kinachotumia lita 1,000 kwa mwezi kimetoa tani 2.7, na kwa mwaka tani 32 hivi. Huku ni kuzidisha tu. Mtoto wa darasa la saba anaweza. Ugumu ni kujua kama zile lita 1,000 zilizoandikwa ndizo zilizoungua. Mtunza stoo ana daftari lake, mhasibu ana stakabadhi za kituo cha mafuta, dereva ana maelezo yake, na mara nyingi watatu hao hawakubaliani. Tulipolisikia hili kwa mara ya kwanza tulitabasamu, tukawakumbuka wanazuoni wetu wa hadithi na juhudi zao za kumchunguza kila mpokezi. Mshauri mzuri naye huuliza habari hii imepokewa kwa nani, na huyo aliipokea kwa nani.

Desturi ya makampuni kutoa taarifa za namna hii haikuanza kwa hiari njema. Machi 1989 meli ya mafuta Exxon Valdez ilipanda mwamba katika pwani ya Alaska ikamwaga mafuta mamilioni ya lita baharini. Ghadhabu iliyofuata ndiyo iliyozaa muungano wa wawekezaji na watetezi wa mazingira, na kutokana na muungano huo, mwaka 1997 mjini Boston, ikaanzishwa Global Reporting Initiative, ambayo viwango vyake hutumiwa na makampuni mengi hadi leo. Juni 2023 bodi ya kimataifa ya viwango vya uendelevu, iliyo chini ya taasisi ileile inayotunga viwango vya uhasibu, ilitoa viwango viwili vinavyoziunganisha taarifa za tabianchi na hesabu za fedha. Kwetu Afrika Mashariki, Benki Kuu ya Kenya ilizipa benki mwongozo wa hatari za tabianchi mwaka 2021, na Benki Kuu ya Tanzania ikatoa wake mwaka 2022. Maana yake ni kwamba benki inayotaka kumkopesha mwenye hoteli ya ufukweni sasa inapaswa kuuliza bahari ikipanda hoteli itakuwa wapi. Na lazima awepo mtu wa kuliandika jibu.

Tuje kwenye shahada yenyewe. Vijana wengi wanachanganya shahada mbili. Ile iitwayo MBA kwa kawaida huwataka watu walioshafanya kazi miaka kadhaa. Shahada ya uzamili ya menejimenti iliyoenea Ulaya, hasa baada ya Azimio la Bologna la mwaka 1999 kuzipanga upya shahada za vyuo vyao, huwapokea waliotoka shahada ya kwanza na uzoefu mdogo au wasio nao kabisa, nao husoma mwaka mmoja au miwili. Husomeshwa kusoma hesabu za kampuni, kukadiria gharama, takwimu, masoko, uongozi wa watu na upangaji wa mikakati. Hakuna katika hayo somo linalomfanya mtu ajue maji ya mto yamechafuka. Mwenye kudhani kwamba atatoka huko akiwa mtaalamu wa mazingira amejidanganya.

Basi inamfikishaje mtu kwenye kazi hiyo? Tulivyoelezwa na waliopita njia hiyo, darasa si kitu kikubwa zaidi. Kikubwa ni mradi na tasnifu. Vyuo vizuri huwapeleka wanafunzi wao katika kampuni halisi yenye tatizo halisi. Ushirika wa vyuo uitwao CEMS, ulioanzishwa mwaka 1988 na vyuo vinne vya Ulaya, umeuweka mradi wa namna hiyo kuwa sehemu ya lazima ya masomo. Mwanafunzi anayechagua mradi wa kupunguza maji yanayopotea kiwandani, kisha akaandika tasnifu juu ya jambo hilohilo, kisha akaenda kwa mafunzo ya kazi katika ofisi inayoshughulika nalo, anatoka na vitu vitatu vinavyoshikana. Mwenzake aliyesoma darasa lilelile, akaandika tasnifu juu ya chochote kilichokuwa chepesi, anatoka na cheti. Mwajiri anapowatazama wawili hao haoni shahada moja.

Milango ya kuingilia ni mingi kuliko tulivyodhani. Makampuni makubwa ya ukaguzi wa hesabu, kama Deloitte, PwC, EY na KPMG, yana ofisi Dar es Salaam na Nairobi, na ushauri wa uendelevu ni miongoni mwa huduma zao. Kijana huanza chini kabisa, kwenye kukusanya takwimu na kusafisha majedwali. Zipo benki. Zipo ofisi ndogo za wataalamu wa mazingira ambao wanajua udongo na maji lakini wanahitaji mtu wa kuandika bajeti na kuzungumza na mteja. Na ipo miradi mikubwa. Hapa kwetu Chongoleani linaishia bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443. Mradi wa ukubwa huo hupimwa kwa viwango vinane vya Shirika la Fedha la Kimataifa, vilivyotolewa mwaka 2006 na kurekebishwa mwaka 2012, na kimojawapo kinahusu ardhi na kuhamishwa kwa watu. Maana yake nini? Minazi huhesabiwa, miembe huhesabiwa, makaburi hutambuliwa, fidia hupangwa. Anayekaa upande wa mezani na orodha mkononi ni mtu aliyesoma mambo haya. Tuliwauliza wazazi wa madrasa yetu, ni wangapi wana mtoto anayeweza kukaa upande ule wa meza? Hakuna aliyenyoosha mkono, na sisi tuliouliza hatukuwa na wa kumtaja.

Lakini pana mpaka wa kisheria ambao kijana aujue mapema. Tanzania, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 na kanuni zake zinataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanywe na wataalamu waliosajiliwa. Kenya nayo ina utaratibu wa usajili chini ya sheria yake ya mwaka 1999. Shahada ya menejimenti peke yake haimpi mtu ruhusa ya kuongoza tathmini hiyo na kuitia saini. Atakuwa mmoja katika timu, au ataongeza masomo ya mazingira. Tumewaona vijana waliojichapishia kadi zenye cheo cha "mshauri wa mazingira" mwezi mmoja baada ya mahafali. Huko ni kutafuta matatizo.

Hali kadhalika asijenge maisha juu ya sheria ya nchi nyingine. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka 2023 sheria inayotaka kahawa, kakao, mbao na bidhaa nyingine nne zisitoke katika msitu uliokatwa baada ya Desemba 2020, na kila shamba lionyeshwe lilipo katika ramani. Wakulima wa kahawa wa Kagera na Kilimanjaro wakaambiwa wajiandae, na washauri wakapata kazi ya kupima mashamba. Kisha utekelezaji ukasogezwa hadi Desemba 2025, na ulipokaribia ukasogezwa tena hadi Desemba 2026. Sheria yao nyingine ya taarifa za makampuni, iliyoanza mwaka 2023, ilianza kupunguzwa makali mwaka 2025. Nchini Marekani, tume inayosimamia masoko ya hisa ilitoa kanuni ya taarifa za tabianchi Machi 2024, na Machi 2025 tume hiyohiyo ikaacha kuitetea mahakamani. Aliyejifunza kujaza fomu za sheria moja alitikisika. Aliyejifunza kupima maji, mafuta na taka, na kuonyesha fedha inapopotea, hakutikisika sana, kwani dizeli ina bei ikiwapo sheria au isiwepo.

Sasa, ndugu zangu, tufike mahali ambapo mada hii ilitugeuza sisi wenyewe.

Mombasa, si mbali na hapa, upo mtaa wa watu wa kipato cha chini uitwao Owino Uhuru. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ubavuni mwa mtaa huo. Mwaka 2009 kiliajiri mwanamke kijana, Phyllis Omido, aliyesomea uendeshaji wa biashara. Hakuwa mkemia wala daktari. Miongoni mwa kazi za mwanzo alizokabidhiwa ni kusimamia ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira, tathmini ambayo kisheria ilipasa kufanywa kabla ya kiwanda kuwasha tanuri lake la kwanza. Alitafuta wataalamu, wakatazama, wakaona hatari iliyopo kwa majirani. Ushauri aliouwasilisha ni kwamba kiwanda kihamishwe kutoka pale. Kazi ya ripoti akaondolewa.

Tuwaombe mlitazame hilo vizuri. Huyu alikuwa katika kazi ileile ambayo kijana wetu anaiota: mtu wa menejimenti, amepewa ripoti ya mazingira, ameajiriwa, ana mshahara. Angeweza kunyamaza. Wapo walionyamaza, na wapo waliotia saini zao kwenye karatasi za kuruhusu. Baada ya muda mtoto wake mchanga aliugua, hospitali ikahangaika na malaria na homa ya matumbo, hadi damu ilipopimwa ikakutwa na risasi. Wakapimwa watoto wengine wa mtaa, nao wakakutwa nayo. Aliacha kazi, akaanza kubisha mlango mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2012 akakamatwa katika maandamano. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Julai 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi wapatao 3,000 walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Mahakama ya Rufani ikayatengua malipo hayo mwaka 2023. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ya Kenya ikayarejesha. Hesabuni miaka tangu 2007. Mtoto aliyezaliwa mtaani pale siku kiwanda kinafunguliwa alikuwa na miaka 17 siku hukumu ya mwisho inasomwa.

Tuliposoma habari hii tuliacha kusema kwamba kazi hii ni ya kupaka rangi. Kupaka rangi kupo. Kampuni moja ya Kijerumani ya kusimamia mali za wawekezaji, DWS, ilitozwa dola milioni 19 nchini Marekani Septemba 2023, kisha euro milioni 25 na waendesha mashtaka wa Frankfurt Aprili 2025, kwa sababu ya kutia chumvi katika maelezo yake ya uendelevu. Huko ni faini, na tajiri hulipa akasahau. Kule Owino Uhuru ripoti moja, kama ingesikilizwa mwanzoni, ingewazuilia watoto sumu isiingie katika damu zao. Ripoti ni ushahidi, na hukumu ya anayeshuhudia asichokijua mnaijua wote. Mababu zetu walikuwa na muhtasibu aliyezunguka sokoni akipima mizani na kutazama maji ya wauza maziwa. Leo mizani ni jedwali la kompyuta. Aliyeshika jedwali asipokuwa mwaminifu, soko haliwezi kujua.

Kwa hiyo tulimwita kijana wetu tena, safari hii pamoja na baba yake, na shangazi naye tukamwomba aje. Tulianza kwa kumwomba radhi. Kisha tukasema neno ambalo baba halikumpendeza: shamba lisiuzwe.

Hatukusema hivyo kwa kuidharau shahada. Tulisema kwa kuwa ipo njia nyingine, ndefu kidogo. Ufadhili wa Chevening wa Uingereza, ambao Watanzania na Wakenya huruhusiwa kuomba, hulipa ada na matumizi ya shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, lakini humtaka mwombaji awe na saa 2,800 za kazi, yaani kama miaka miwili, na baada ya masomo arudi kwao kwa miaka miwili. Ujerumani, shirika la DAAD nalo lina ufadhili wa kozi za maendeleo unaotaka uzoefu wa kazi wa miaka miwili. Vyuo vingi vya umma vya Ujerumani havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg huwatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Tahadhari ni kwamba mwanafunzi asiye na mfadhili hutakiwa kuonyesha benki fedha za kujikimu mwaka mzima, na mwaka 2024 kiasi hicho kilipandishwa hadi euro 11,904. Wazazi wengi husikia "bure" hawasikii hilo la pili. Na Mzumbe je? Na Dar es Salaam, na ESAMI ya Arusha, na vyuo vya Nairobi? Kijana anayetaka kufanya kazi hii Tanga anaweza kuisoma Mzumbe, akaandika tasnifu yake juu ya maji ya viwanda vya mkonge, akajulikana na kila meneja wa mkoa huu kabla hajahitimu. Wa mikopo ya riba hatukumtajia, naye hakutuuliza.

Shangazi alisikiliza yote, kisha akauliza swali moja: "Hiyo kazi, itamfanya aone aibu kwenda shamba?" Kijana akasema, "La, shangazi, nitakuja kukuhesabia minazi." Wakacheka, na kikao kikavunjika vizuri.

Barua ya chuo iliisha muda wake. Kijana ameajiriwa katika kiwanda kimoja hapa mkoani, si kwa cheo kikubwa. Anaandika kila siku mafuta ya jenereta, umeme, maji na taka zinazotoka. Baadhi ya wenzake aliohitimu nao wanamcheka kwamba ana shahada ya biashara na anashika daftari la stoo. Tuliwaeleza tuliyokwisha waeleza ninyi, kwamba mshauri anayelipwa dola kwa siku huja kuliomba daftari hilohilo.

Ijumaa iliyopita alitujia baada ya Isha. Mwezi huo stakabadhi za mafuta zilisema lita 1,900, na daftari lake la jenereta lilisema 1,500. Mkubwa wake wa kazi alikuwa amemwambia aandike 1,900 katika ripoti ili mambo yalingane. Alitaka kujua afanye nini. Tukamwambia aandike tarakimu zote mbili, kila moja na mahali ilipotoka, na chini yake aandike tofauti, na tarehe, na jina lake. Ameandika hivyo. Anasubiri jibu.

Maswali tuyapokee sasa, na akina mama waanze.